Dokta, nikifanya mazoezi ya macho ntaitupa miwani?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya macho kuchoka kwa sababu ya simu, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Meseji zimemiminika na nyingi zinauliza kitu kilekile, mazoezi ya macho, yale ya kwenye klipu za WhatsApp, kuzungusha macho, kukodolea ncha ya kalamu, kufunika na viganja, kuangalia jua la asubuhi, je yanatibu au hayatibu. Basi leo safu nzima ni hiyo. Wengi mnaniita dokta, asanteni kwa heshima, ila mjue mimi ni mtu wa optometria, kazi yangu ni kupima macho na kuandika miwani, kisu sishiki. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyatoa.

SWALI: Mambo dokta, mimi nina miaka 24, nauza vifaa vya simu Kariakoo, navaa miwani ya minasi mbili na nusu tangu nikiwa fomu two. Kuna jamaa mtandaoni anauza kozi ya siku 30 ya mazoezi ya macho, anasema miwani ndo inayafanya macho yawe mavivu na ukimaliza kozi yake unaitupa kabisa. Bei elfu 60. Chini ya video watu kibao wanatoa ushuhuda. Nilipe?

JIBU: Usilipe mdogo wangu. Na ntakueleza kwa urefu kidogo maana hili ndo swali mama, ukilielewa hili mengine mengi utajijibu mwenyewe.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele mpaka nyuma. Mwanga ukiingia unapindwa kwanza na kile kioo cha mbele kinachoitwa konea, ambacho kinafanya kama theluthi mbili za kazi yote, afu lenzi iliyoko ndani inamalizia, na picha inatua kwenye retina, ukuta wa nyuma. Sasa mtu kama wewe usiyeona mbali mara nyingi jicho lako limerefuka kidogo kuliko inavyotakiwa, kwahiyo picha inatua kabla haijafika ukutani. Milimita moja tu ya ziada ni karibu pawa tatu za minasi, yaani wewe na minasi mbili na nusu yako jicho limezidi kwa kitu kisichofika hata milimita moja, lakini kimezidi, na ni nyama hiyo imeshakua. Kuzungusha macho kulia kushoto kunafanyisha kazi ile misuli sita ya nje inayogeuza jicho, ambayo kwa mtu mzima kama wewe haina tatizo lolote. Ni sawa na mtu akwambie ukichuchumaa sana kila siku mguu utapungua urefu, paja litakaza kweli lakini mfupa ni uleule.

Na haya mambo sio mapya wala huyo jamaa hakuyavumbua. Kulikuwa na daktari wa macho New York anaitwa William Bates, mwaka 1920 alitoa kitabu akidai karibu kila shida ya kuona inatokana na kuyakaza macho na kwamba miwani haifai. Kufunika macho kwa viganja, kuyumba huku unaangalia mbali, kuelekeza macho kwenye jua, vyote vimetoka kwake. Yeye aliamini tunapoangalia kitu cha karibu misuli ya nje inalibana jicho zima likarefuka. Sio hivyo, kinachobadilika umbo ni lenzi ya ndani, na ushahidi wake tunauona kila siku kliniki, mtu akitolewa mtoto wa jicho akawekewa lenzi ya kawaida ya plastiki, misuli yake yote ya nje ipo salama salimini lakini akiwekwa sawa kuona mbali bado anahitaji miwani ya kusomea, kwasababu ile lenzi mpya haijikunji. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu Bates aandike. Huko jimbo la Iowa, Marekani, kuna kampuni ilikuwa inauza kifurushi cha mazoezi ya namna hii kwa mamia ya dola, mwanasheria mkuu wa jimbo akaifikisha mahakamani na mwaka 2006 ikaishia kuzuiwa kuuza na kutakiwa kurudishia watu hela.

Ushuhuda je? Sio wote wanadanganya, na hapa watu wengi wananaswa. Ukivua miwani wiki mbili tatu ubongo unauzoea ule ukungu, unajifunza kubashiri herufi kwenye picha chafu, ukirudi kwenye chati unaweza kusoma mstari mmoja zaidi ya mwanzo, ila nikikupima pawa kwa mashine naikuta palepale pa mwaka jana. Pia wapo vijana ambao minasi yao sio ya jicho kurefuka, ni misuli ya ndani imekakamaa kwa kuangalia simu masaa nane bila kupumzika, hawa wakipumzisha macho inapungua kweli, na ndo maana vijana na watoto tunawapima kwa matone ya kulegeza hiyo misuli kwanza. Mtu wa hivi akifanya kozi ya siku 30 akaona vizuri atakwambia kozi imemponya na kwa upande wake anasema ukweli, ila wewe ambaye umevaa tangu fomu two usijiweke kwenye fungu hilo kabla hujapimwa.

Kuhusu miwani kufanya macho mavivu, huko Malaysia watafiti waliwagawa watoto 94 wasioona mbali, kundi moja likapewa miwani kamili na jingine pungufu makusudi, baada ya miaka miwili waliopewa pungufu ndo pawa ilipanda zaidi. Matokeo yalitoka 2002. Kwahiyo elfu 60 yako ibakize, kapime upya, fomu two mpaka leo ni muda mrefu na hiyo miwani huenda hata haikufai tena.

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 11, yupo darasa la tano hapa Tanga. Akisoma dakika kumi tu anasema maandishi yanacheza, mara anaona mstari mmoja kama miwili, kichwa kinamuuma. Tulimpeleka akapimwa akasoma chati yote mpaka chini, tukaambiwa macho mazima. Mwalimu anasema ni mvivu. Jirani amenionyesha zoezi la kuangalia kalamu ikisogea puani, je nimfanyishe au ndo walewale?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, na naomba kwanza huyo mtoto asiitwe mvivu tena, sio nyumbani wala shuleni, mpaka mambo haya mawili ntakayokutajia yaangaliwe.

La kwanza, chati ya mita 6 inapima jicho moja moja linavyoona mbali basi. Haipimi macho mawili yanavyokutana pamoja kwenye kitu cha karibu. Ukisoma, macho yote mawili yanatakiwa yaingie ndani kidogo kuelekea pua na yabaki hapo muda wote, kuna watoto wakishindwa kuyashikilia moja linatoka nje na hapo ndo mstari unakuwa miwili na maneno yanacheza. Jaribu nyumbani, shika kalamu usawa wa pua yake umbali wa mkono, isogeze polepole, akwambie ikiwa mbili, na wewe angalia kama jicho moja linakimbilia nje hata kama yeye hajasema kitu. Mtoto wa kawaida anaishikilia mpaka sentimita 6 hivi kutoka usoni. Huyo wako ikivunjika kwenye sentimita 10, 15, mara tatu mfululizo, umeshapata dalili ya kumweleza mpimaji.

Na hapa mama mazoezi yanatibu. Nasema wazi kabisa maana nisingependa mtu asome jibu la kwanza afu aondoke na imani kwamba kila zoezi ni utapeli. Mwaka 2008 Marekani walitoa matokeo ya watoto 221 wenye miaka 9 mpaka 17 wenye shida hiihii, wakawafuatilia wiki 12. Waliofanyishwa na mtaalamu kliniki kila wiki na kuongezea mengine nyumbani, kama 73 kwenye kila 100 walipona au walipata nafuu ya kueleweka. Waliofanya kalamu peke yake nyumbani ni 43. Sasa sikiliza hii, kundi la mazoezi ya kuzugia, yale yaliyotengenezwa makusudi yasiwe na maana, nalo lilipata 35. Kwahiyo kalamu ya jirani sio sumu ila peke yake haiendi mbali, kinachotibu ni programu kamili yenye mtu anayepima na kubadilisha zoezi kila wiki. Na usiahidiwe kwamba macho yakikaa sawa basi alama za kusoma zitapanda papohapo, matokeo mengine ya 2019 yalionyesha macho yalipata nafuu lakini alama za kusoma hazikulizidi kundi la kuzugia. Utakachopata ni mtoto asiyeumwa kichwa na asiyeona mistari miwili, na hilo peke yake linatosha kuhangaikia.

La pili, mtoto anaweza kuwa na pawa ya plasi, kinyume cha minasi, iliyojificha, analazimisha lenzi yake ikaze ndo asome chati, anafaulu kipimo huku anachoka. Hiyo inaonekana kwa matone. Wewe wa Tanga panda gari ufike hospitali ya KCMC Moshi, wana idara ya macho na wanafundisha watu wa optometria palepale, ukifika useme hivi, naomba apimwe kwa matone na apimwe macho kukutana karibu. Usiseme tu nataka apimwe macho, watakuletea chati ileile.

SWALI: Sasa daktari. Niko Thika, kijana wangu ako na miaka sita, jicho moja halioni vizuri wakasema ni jicho vivu, wakampea miwani na plasta ya kuziba jicho. Kila siku ni kulia. Nyanya yake anasema tuachane na hiyo kitu ataikua. Kuna gemu za simu zinasema zinafunza jicho, si hizo ni afadhali?

JIBU: Mzazi mwenzangu usiache, na mwambie nyanya kwa heshima kwamba hii ndio moja ya zile chache ambazo mtoto akiikua nayo inakaa. Jicho lenyewe laweza kuwa zima kabisa, ni ubongo uliozoea kulipuuza picha yake kwa sababu ya lile jingine, na ubongo wa mtoto ndio unaofunzika, hasa kabla ya miaka saba, ingawa hata wakubwa kidogo bado hupata nafuu. Kuziba ndio zoezi lenyewe. Na usiogope masaa, utafiti wa 2003 ulionyesha kwa uvivu wa kiasi cha kati masaa mawili kwa siku yalifanya kazi sawa na masaa sita, kwahiyo uliza kama yeye aweza kupewa mawili. Unaziba lile zima, sio lile dhaifu, nasema hivi kwasababu nimeshapokea wazazi waliokosea hapo miezi mitatu nzima wakidhani wanalipumzisha linaloumwa. Miwani haivuliwi, plasta inakuwa chini yake.

Hayo masaa mawili yawe ya kazi ndogondogo za karibu anazozipenda, kupaka rangi, kutunga shanga, kuchambua mchele na nyanya yake, tena hapo utakuwa umempata nyanya upande wako. Gemu akiwa amezibwa sio mbaya kama ndio itamtuliza, ila isichukue nafasi ya plasta. Kama kliniki yenu iko mbali, Kikuyu wana hospitali yenye kitengo kikubwa cha macho na sio mbali na nyinyi.

SWALI: Dokta, bibi yangu wa Bukoba ana miaka 68, alianza mazoezi ya macho ya kwenye redio, asubuhi na jioni, miezi sita sasa. Wiki iliyopita amesoma Biblia bila miwani, miwani anayovaa zaidi ya miaka 20! Familia nzima tumeshangilia. Wewe unasema hayafanyi kazi, hili unalielezaje?

JIBU: Nalieleza kwa uangalifu maana ni furaha ya bibi na sitaki kuivunja, ila naomba umuulize maswali haya leo leo. Mtu akiwa getini anamtambua au mpaka asikie sauti? Usiku taa za gari zinamtawanyikia? Rangi nyeupe anaiona imepiga unjano? Jua la mchana linamkera kuliko zamani?

Nauliza kwasababu kuna aina ya mtoto wa jicho inayoanzia katikati ya lenzi. Lenzi ikianza kuwa ngumu na nzito pale katikati inapinda mwanga zaidi, yaani inamwongezea mtu minasi ndani ya jicho lake mwenyewe, na mzee aliyekuwa anahitaji plasi ya kusomea ghafla anajikuta anasoma bila kitu. Tumeliona hili mara nyingi sana, wazee wanakuja wamefurahi, wanasema macho yamerudi ujana, kumbe karibu kumefunguka na mbali kumefungwa. Baada ya muda lenzi inaendelea kuchafuka na hata kule kusoma kunapotea. Mazoezi aliyafanya katika kipindi hichohicho kwahiyo yanapewa sifa.

Kuna jambo la pili na hili ndo la haraka zaidi. Sukari ikipanda kwenye damu lenzi inaweza kuvimba na pawa ikabadilika ndani ya siku au wiki chache. Kama bibi anakunywa maji sana, anaamka usiku kukojoa mara kwa mara, amepungua mwili, msimalizie wiki, kituo cha afya chochote kitampima sukari kwa tone la damu kidoleni.

Ikiwa ni mtoto wa jicho basi pole ni ndogo, operesheni yake kwa kawaida ni fupi, mara nyingi haifiki saa moja, jicho linatiwa ganzi na mtu anarudi nyumbani. Mwache aendelee kusoma Biblia yake na hata mazoezi ya redio aendelee kama yanampendeza, shida itakuja pale tu atakapokataa kwenda kupimwa kwasababu anaamini ameshapona.

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 52, Mombasa. Nimeambiwa nina presha ya macho, natia matone kila usiku. Nahudhuria mazoezi ya yoga, mwalimu asema kusimama kwa kichwa kwapeleka damu machoni na kwasaidia, na kukodolea jua linapochomoza kwaamsha neva. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Yote mawili hapana, na nakuomba uyaache kuanzia leo.

Kusimama kwa kichwa kunapandisha presha ya ndani ya jicho mpaka karibu mara mbili, hii imepimwa kwa watu wa yoga wenyewe wakiwa wamesimama hivyo. Wewe umepewa matone ili ishuke. Mwambie mwalimu wako una glakoma, ndo hiyo presha ya macho, mikao yote ya kichwa chini uiruke, iliyobaki endelea, na kutembea kwa haraka nusu saa ufukweni kunashusha presha ya jicho kidogo, hilo ni zoezi zuri kwako. Jua nalo, retina haina neva za maumivu, inaungua bila wewe kuhisi chochote, unakuja kugundua kuna doa katikati ya kila uso unaoutazama. Mnakumbuka kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu walivyojaa Rujewa kule Mbeya na kusisitiziwa miwani maalum? Jua la kila siku ni lilelile.

Ntakuambia kwanini naongea kwa ukali. Baba yangu mzazi alikutwa na presha ya macho akiwa na miaka 58, akapewa matone. Matone haya hayakupi nafuu unayoihisi, unatia tu kila usiku huoni tofauti, na yanawasha. Rafiki yake akamletea kijitabu cha mazoezi ya macho, akaacha matone kimyakimya bila kutuambia, akawa anaamka kila alfajiri anafanya mazoezi yake kwa bidii, hakosi hata siku moja. Tulipokuja kujua jicho la kushoto lilikuwa limebaki na kitundu cha katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kinachopotea kwa glakoma hakirudi. Bidii yake ile ndo inaniuma mpaka leo, maana angeipeleka kwenye kile kichupa angekuwa anaona wajukuu. Matone yako dada, saa ileile kila usiku.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani Morogoro, miaka 46. Kutunga uzi kwenye sindano imekuwa mtihani. Kuna miwani ya plastiki nyeusi yenye matundu matundu wanauza stendi, wanasema inafundisha macho, nimeinunua, nikivaa kweli naona herufi safi. Niendelee nayo mpaka macho yapone?

JIBU: Kaka hapo hakuna ugonjwa wa kupona, ni umri. Lenzi inazidi kuwa ngumu kila mwaka tangu tukiwa watoto, mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma kitu kikiwa sentimita 7 kutoka jichoni, sisi wa 45 tunahitaji kama sentimita 30, na kwenye 50 mkono unaanza kuwa mfupi. Hakuna zoezi linaloilainisha.

Matundu yale yanafanya kazi, ila sio kwa kufundisha. Tundu dogo linazuia miale ya pembeni iliyotawanyika na kuruhusu ile michache ya katikati inayotua vizuri, ukivua umerudi ulipokuwa. Afu yanakula mwanga, na kazi yako bila mwanga haiendi. Ila faida moja ipo na inaweza kumsaidia kila anayesoma hapa, chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini tundu moja dogo, funga jicho moja, angalia kitu unachokiona kwa ukungu kupitia hilo tundu. Kikisafika, kuna uwezekano mkubwa miwani itakutosha. Kisiposafika hata kidogo, usiende kwa muuza miwani, nenda kliniki ya macho, maana shida inaweza kuwa kwenye lenzi, retina au neva.

Wewe unahitaji plasi ya kusomea, kwa umri wako mara nyingi ni kama plasi moja na nusu, upimwe tu usikisie. Kule Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na kuendelea waliopewa miwani ya karibu walizidi wenzao wasio nayo kwa kama asilimia 22 kwenye kilo walizochuma, matokeo ya 2018, na wale walikuwa wanachuma majani tu. Fikiria mtu wa sindano.

SWALI: Dokta niko chuo Dodoma, nasoma mambo ya kompyuta, jioni macho yanawaka moto kama mchanga. Nipe zoezi moja tu la maana.

JIBU: Kupepesa. Mtu akiongea na mwenzake anapepesa kama mara 15 kwa dakika, akikodolea skrini inashuka hata mara 5, machozi yanakauka na hapo ndo mchanga unaanza. Kila dakika 20 inua macho, angalia kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na katika hizo sekunde pepesa polepole kope zikutane kabisa chini, wengi wanapepesa nusu. Skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, feni isikupulize usoni, na Dodoma kulivyo na upepo mkavu hilo la feni ulichukulie kwa uzito. Pawa yako haitabadilika ila jioni utapumua. Usipoona nafuu ndani ya wiki mbili kapime.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Arusha. Nimeona video watoto wa China wamekaa darasani wanajisugua pembeni mwa macho kwa muziki, wote kwa pamoja, imependeza kweli. Nataka kuanzisha darasani kwangu kila asubuhi, dakika tano. Unanishauri nini?

JIBU: Mwalimu, kwanza asante kwa kuwaza macho ya watoto wa wenzio. Ile unayoiona wameifanya tangu 1963, vizazi na vizazi, na bado China ni moja ya nchi zenye watoto wengi mno wasioona mbali. Haina madhara makubwa kama mikono ni misafi, na hilo la mikono usilipuuze, darasa la watoto 80 mmoja akiwa na macho mekundu mkasugua wote mtakuwa mmegawana.

Ila haohao Wachina ndo walitupa jibu zuri zaidi. Mji wa Guangzhou walichukua shule 12, nusu yake wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, nusu wakaendelea kama kawaida. Miaka mitatu baadae waliopata dakika za ziada, kama 30 kwenye kila 100 walikuwa wameanza kutoona mbali, wenzao karibu 40. Matokeo yalichapishwa 2015. Sio muujiza, lakini hakuna klipu ya kuzungusha macho iliyowahi kufika hapo. Taiwan nao tangu 2010 wanahimiza shule zao watoto wapate masaa mawili ya nje kila siku. Wataalamu wengi wanaamini ni ule mwanga, hata kivulini nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ndani ya darasa, na unafanya retina itoe kemikali inayoitwa dopamini ambayo inazuia jicho lisirefuke. Sio lazima wakimbie, sio lazima waangalie mbali, wawe nje tu, na kofia wakitaka wavae, ila jua lenyewe wasilikodolee.

Dakika tano zako za asubuhi zifanye za kitu kingine. Chora herufi E kubwa na ndogo kwenye karatasi, bandika ukutani mita 6, mara mbili kwa mwaka kila mtoto afunike jicho moja aonyeshe kwa vidole E imeelekea wapi, atakayeshindwa andika jina umpe mzazi barua. Wanaokaa nyuma wakikopi kwa jirani badala ya ubaoni, anza na hao. Na kengele ya mapumziko ikilia watoe wote, hata yule anayeomba abaki kumalizia daftari.